Kwaya Mbili

Gakii alipoweka chini karatasi ya mwisho, Mzee Nizar alikuwa amevua miwani na anaipangusa kwa ncha ya tai yake. Marion, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha kuokota wodini kwa wauguzi wenzake wa Kenya, alikuwa amejifunika mdomo kwa kiganja. Sebule ile ya Woolwich ilijaa kimya kizito, kimya ambacho mfasiri yeyote angekiombea. Mtu mmoja tu hakuwa na raha. Alikuwa bibi kizee aliyeketi kando ya dirisha, blanketi la Kisotho limemfunika mabega, ambaye tangu usomaji uanze hakumtazama msomaji hata mara moja. Alikuwa akiwatazama wasikilizaji, huyu kisha yule, kama mpishi anayechungulia sahani za wageni.

Akamwinamia binti yake Marion, akauliza kwa Kisesotho, kwa sauti ambayo hakujisumbua kuipunguza:

"Nani amekufa?"

Gakii, aliyekijua Kisesotho, alidhani ni uzee. Akamjibu kwa upole kwamba aliyekufa ni Mzee Motlatsi wa kwenye kitabu, na kwamba ile waliyoisoma ilikuwa sura ya mazishi yake.

"Huyo namjua, nilimuua mwenyewe," bibi akasema. "Nauliza hawa wamefiwa na nani."

Bibi huyo ndiye Puleng Ramokhele, na huko kwao Lesotho watoto hulijua jina lake kabla hawajajua kuliandika. Alikuwa mwalimu kijana wa shule ya misheni alipotunga Machozi ya Mlimani, moja kati ya riwaya za mwanzo kabisa za Kisesotho kutoka kwa mkono wa mwanamke. Tangu hapo wanafunzi wa kizazi baada ya kizazi wameifanyia mtihani. Wahakiki wameiita kilio cha taifa. Kuna mtaa unaoitwa kwa jina lake, na picha yake, uso umekazwa kama wa shahidi mahakamani, imetundikwa katika shule nyingi. Hakuandika kitabu kingine. Watu walisema huzuni ya kile cha kwanza ilimkausha. Sasa alikuwa anakaribia miaka tisini, magoti hayamtii tena, na Marion alikuwa amemleta London akae naye.

Gakii naye, mzaliwa wa Meru, alikulia katika bonde la Roma huko Lesotho, ambako baba yake alifundisha kemia, na sasa alikuwa mwalimu wa Kiswahili katika chuo kimoja hapa mjini. Aliposikia kwamba mwandishi yule anaishi mwendo mfupi tu kutoka nyumbani kwake, alikuwa tayari amefika katikati ya tafsiri. Alikwenda kubisha hodi. Na hii leo amekuja na kazi iliyokamilika, pamoja na Mzee Nizar, mfamasia mstaafu kutoka Wembley, mzaliwa wa Tanga, msomaji asiyepitwa na kitabu chochote cha Kiswahili kinachotua London. Mchapishaji wa Nairobi alikuwa anangoja neno moja tu: idhini ya mwandishi.

Idhini haikutoka. Bibi Puleng alisema bila hasira kwamba yeye Kiswahili hakijui, lakini nyuso anajua kuzisoma, na nyuso alizoziona zimesomewa kitabu kingine. Kama kitatoka hivyo, basi kitoke bila jina lake.

"Mama, wameguswa," Marion akasema. "Mzee wa watu amelia."

"Ndiyo maana nasema. Hakuna aliyecheka."

Gakii alirudi nyumbani kama aliyemwagiwa maji. Yeye si mtu wa kukasirika ovyo, lakini siku zile hata chai ilimshinda. Kitabu kile kwake hakikuwa kazi tu. Alikianza mara tu aliporudi kutoka kumzika mama yake huko Meru, wakati hakuweza kuzungumza na mtu wala kulala, na kila sentensi aliyoitafsiri aliiona kama udongo anaoutupia kaburi taratibu, mpaka lijae. Alichagua maneno mazito, ya zamani, yenye heshima. Aliyapanga kama mtu anavyopanga maua. Na sasa mwenye kitabu anamwambia kwamba alichokuwa akikililia ni mzaha.

Alitaka kuiacha tafsiri kabisa. Mzee Nizar ndiye aliyempigia simu na kumshauri, kwa ule utulivu wake wa Tanga, kwamba asimpinge bibi wala asimkubali, bali aende akamsikilize. Basi Jumamosi iliyofuata akaenda.

Alimkuta Bibi Puleng jikoni, ameketi mezani anachambua mboga za majani zilizonunuliwa sokoni pale chini, wakati Marion akisonga ugali. Bibi alimsogezea fungu lake la mboga bila kumuuliza, wakachambua pamoja. Baada ya muda akaanza kusimulia mwenyewe.

Alisema kitabu alikipa jina la Kwaya Mbili. Padri aliyekuwa akisimamia matbaa ya misheni alikisoma kwa usiku mmoja, asubuhi akamjia macho mekundu, akamshika mikono yote miwili na kumshukuru kwa kuonyesha mateso ya watu wake. Jina akalibadilisha yeye, akaweka Machozi ya Mlimani. Puleng alikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu. Kitabu cha mwanamke kilikuwa kinakubaliwa, naye alichelea kwamba akifungua mdomo kitarudishwa. Akanyamaza. Kisha wakaja wakaguzi wa shule, nao wakampa pole. Wakaja wanawake ambao waume zao walifia katika migodi ya Afrika Kusini, wakamshukuru wakilia, na hao asingeweza kuwaambia neno.

"Ukipewa pole miaka sitini," akasema, "unaogopa kucheka mbele za watu. Walikuwa wananingoja nilie tena kitabu kizima. Sikuwa na kilio cha kitabu kizima."

Gakii akamuuliza kama wale wote waliolia walikosea.

"Hawakukosea, mwanangu. Walisoma nusu."

Kisha bibi akamsimulia sura ya mazishi kwa mdomo wake, na Gakii, aliyeijua neno kwa neno, akaisikia kwa mara ya kwanza. Motlatsi alikuwa mzee mjanja aliyesali makanisa mawili, asubuhi hili kwa sababu ya chakula cha mchana, mchana lile kwa sababu ya chai. Siku ya kuzikwa, kwaya zote mbili zikafika, kila moja imeshona sare mpya. Hakuna iliyokubali kuachia. Hii ikivuta pumzi, ile inadaka. Mchungaji amefungua Biblia mpaka mkono umekufa ganzi, wachimba kaburi wameketi na kufungua chakula chao, mvua imeanza kunyesha, viongozi wa kwaya wanaongoza kwa miavuli. Hapo ndipo mjane anapoinuka na kusema lile neno ambalo maprofesa wameliandikia vitabu, wakidai ni malalamiko ya taifa kwa Mungu asiyesikia. Gakii alikuwa amelifasiri hivi: Mwamwimbia nani, naye hasikii tena?

Bibi Puleng alilisema kwa sauti ya mwanamke aliyechoka, aliyelowa, anayetaka kwenda nyumbani. Na jikoni mle, harufu ya mboga ikipanda, Gakii aliyakumbuka mazishi mengine, ya mama yake.

Aliona lile turubai la Meru na vipaza sauti vilivyokuwa vikikwaruza. Mshereheshaji, kijana wa suti ya kukodi, alikuwa amechanganya majina, na kila aliposimama alimtaja marehemu kwa jina la mdogo wake, Kanario, aliyekuwa ameketi mstari wa mbele, mzima kama chuma. Alimsifu Kanario, akamwombea Kanario mapumziko mema, mpaka Kanario mwenyewe akainua mkono na kusema kwa adabu, "Niko hapa." Gakii aliwaona kaka na dada zake wakubwa wote wamejifunika nyuso kwa leso, mabega yanatikisika. Alidhani wanalia. Alipogundua kuwa wanacheka, aliapa moyoni kutowasamehe, na kweli tangu siku hiyo hajawapigia simu hata mmoja wao.

Sasa kicheko kilimjia kutoka chini kabisa, kama kikohozi. Alijaribu kukimeza, kikagoma. Alikiweka kichwa mezani katikati ya majani ya mboga na kucheka mpaka mbavu zikamuuma, na ndani ya kicheko hicho alimsikia mama yake, ambaye angekuwa wa kwanza kucheka, na kwa sauti kuwapita wote. Marion aliacha mwiko akamtazama kwa wasiwasi. Bibi Puleng aliendelea kuchambua mboga, uso wake umekunjuka kama wa mtu aliyerudishiwa kitu alichokwisha kukisahau.

Jioni hiyo Gakii alimpigia simu Mama Mdogo Kanario. Walizungumza mpaka chaji ikaisha.

Kazi ya kuandika upya ilimchukua majira yote ya baridi. Aliyatoa yale maua aliyoyapanga, akaweka maneno ambayo mama yake angeyatumia akiwa ameshika kiuno mlangoni. Alimsomea Mzee Nizar kwenye simu, na Nizar, mwenye sikio kali na adabu nyingi, hakumdanganya hata kidogo. Mahali pasipochekesha alikaa kimya tu. Mara kadhaa Gakii alidhani simu imekatika. Neno la mjane lilimsumbua kuliko yote, akaligeuza na kuligeuza, mpaka siku moja alipolisoma akasikia upande wa pili kikombe kikianguka.

Masika yalipoingia, wakakusanya watu Jumamosi moja mchana katika ukumbi wa jirani na soko la Woolwich. Walikuja wauguzi, walezi wa wazee, wanafunzi, wafanyabiashara, Wakenya na Watanzania na Wakongo wachache. Walikuwa wameambiwa kwamba watamwona mama wa riwaya, hivyo walikuja na nyuso za msibani. Bibi Puleng aliletwa kwenye kiti cha mbele, akaomba kiti kigeuzwe, akae ameuelekea ukumbi.

Gakii akasoma. Mwanzoni hakuna aliyethubutu. Kwaya ya kwanza ikaimba, ya pili ikadaka, na ukumbi ukakaa umenyooka kama kanisani. Kisha nyuma kabisa, muuguzi mmoja aitwaye Serah akatoa sauti ndogo puani, akajiziba, jambo ambalo lilizidisha. Jirani yake akaambukizwa. Kicheko kikawa kinasogea mstari kwa mstari, mpaka miavuli ilipoanza kuongoza kwaya watu walikuwa wameegemeana. Bibi Puleng hakuelewa hata neno, lakini vidole vyake vilikuwa vikigonga mkono wa kiti kwa zamu, kwaya hii, kwaya ile. Kwa kicheko tu alijua wamefika ukurasa gani.

Gakii akangoja watulie. Akasoma neno la mjane:

"Wapendwa, mnajichosha. Huyu alikuwa hasikii hata akiwa mzima."

Ukumbi ulilipuka. Mzee Nizar, aliyelisikia mara zisizo na idadi, alilala juu ya bega la mtu asiyemjua. Gakii mwenyewe ilimbidi ageuke ukutani kidogo. Na walipokuwa bado wanafuta machozi, akasoma sentensi inayofuata, ile fupi ambayo hakuibadilisha hata herufi: mjane akavua blanketi lake mwenyewe, akalitandaza juu ya jeneza, lisilowe.

Kicheko kikatoweka. Serah kule nyuma alikuwa anatazama mikono yake. Bibi Puleng akawapitia wote kwa macho, taratibu, mpaka wa mwisho, kisha akatikisa kichwa kukubali.

Baadaye, watu walipomaliza kupiga picha naye, picha ambamo safari hii alionyesha meno yote aliyobaki nayo, walitoka nje kwenye jua dogo. Wachuuzi walikuwa wanaanza kukunja meza. Marion alitangulia kutafuta teksi, na bibi akamshika Gakii mkono, wakatembea hatua zake fupi fupi.

Alisema kwamba kuna kingine. Anacho kichwani tangu ujanani, na hakukiandika kwa sababu kilikuwa cha huzuni kweli, naye aliogopa kwamba wakikipata hicho hawatamruhusu tena kuinua uso. Sasa haogopi. Mikono yake haikai vizuri na kalamu, lakini mdomo bado una nguvu, na akimpata mtu wa kuandika wakati yeye anasema, huenda kikaisha.

Gakii akauliza kama Jumatatu ni mapema mno.

"Jumatatu ni mbali," bibi akasema.

"Basi, Mama, kinaanzaje?"

Bibi Puleng akasimama katikati ya njia. Watu wenye mifuko ya nyanya na ndizi wakawa wanawapita kulia na kushoto.

"Kinaanza na harusi," akasema, na tayari midomo ilikuwa inamcheza.