Benchi la Royce

Kocha mkuu wa timu ya chuo alifukuzwa Jumapili, kanisa halijatoka. Mume wangu Royce alikuwa kwenye kwaya, mstari wa nyuma, na mimi habari nilizijua kwa shingo za watu: simu zililia mifukoni, wote wakageuka kumtazama yeye, kisha wote wakageuka mbele kwa pamoja kama hawajaona kitu. Kwenye mpira wetu huu wa kofia ngumu na kugongana, mkubwa akianguka huanguka na jamaa zake wote. Aliyefungwa mechi ni kocha mkuu, lakini na Royce naye aliondoka. Royce ni kocha wa viungo. Siku ya mechi hana hata neno la kusema. Kazi yake ni kusimama nyuma ya kocha mkuu na kumshika mkanda asiingie uwanjani akatuletea adhabu. Miaka yote hiyo kumshika mtu mkanda, na siku mtu huyo alipodondoka, akamvuta naye.

Jumatatu kadi yake haikufungua mlango wa chumba cha kunyanyulia vyuma. Hapa Bascombe mtu akifiwa huletewa makaroni na jibini mpaka friji inakataa kufunga. Akifukuzwa kazi haletewi hata chumvi. Nilikaa jikoni kwangu nikingoja hodi, na iliyokuja ni ya dalali wa nyumba.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo wanavyosema watu. Hao hawajawahi kuwa na mume kocha. Kwetu mgeni akija, mwenyeji anafungasha. Mgeni wetu, kocha wa viungo aliyeletwa mahali pa Royce, aliitwa Brock Sundquist, katoka kaskazini huko ambako ziwa zima linaganda mtu akaendesha gari juu yake. Shingo yake ilikuwa pana kuliko kichwa, na alikuja na wasaidizi wanne wenye ndevu za aina moja, utadhani wamezinunua dukani kwa jumla. Kabla hawajajua majina ya wachezaji, walishagawa fulana mpya. Kifuani ziliandikwa HAKUNA KUKAA.

Hayo yote ningeyameza. Nimeshahama na Royce vyuo vingi, najua kufunga vyombo kwa magazeti hata nikiwa nimefumba macho. Tatizo lilikuwa mtoto wetu Wade.

Wade ndiye tuliyejaliwa, basi, hatuna mwingine. Alikuwa mwaka wa pili pale pale chuoni, akicheza mstari wa mbele, wale wanaosukumana vifua. Hakuwa na udhamini wa masomo. Hakuuhitaji, kwa sababu mtoto wa mfanyakazi hasomi kwa ada. Baba alipofukuzwa, na ruhusa hiyo ikafa. Royce alikuwa amepata kazi ya ualimu wa michezo kwenye sekondari moja ng'ambo ya mpaka, jimbo la Georgia, ya kuanza kiangazi, mshahara wa kununulia chumvi. Kwa hiyo mambo yalikuwa wazi: mazoezi ya majira ya machipuko yakiisha, kocha mkuu mpya angetoa udhamini kwa wachache wanaojilipia. Wade akipata, anabaki anasoma na kucheza. Akikosa, anaacha chuo anakaa nyumbani, na nyumbani kwenyewe kunauzwa.

Na kocha mkuu atamuuliza nani? Kipindi chote cha baridi wachezaji hawamwoni kocha mwingine ila wa viungo. Atamuuliza Brock.

Sasa niseme habari ya benchi, maana bila hilo hutaelewa nilichokasirikia.

Zamani, kabla Wade hajaanza shule, Royce alikuwa msaidizi kwenye chuo kingine. Walikuwa na kijana mnene mcheshi, Lamarcus Peavy, aliyekuwa akija kwangu kula bamia za kukaanga na kunisifia mpaka nafura kichwa. Siku moja ya Agosti wakakimbizwa juani. Lamarcus akapiga magoti, akasema miguu haimsikii. Mkubwa wa Royce akamwambia asijifanye, ainuke, wenzake wanamngoja. Akainuka. Akaanguka tena, na hakuinuka tena. Royce alilishika jeneza lake kwa mbele kushoto. Mpaka leo kila Agosti humpigia simu mama yake Lamarcus, na kila akimaliza huenda kukata majani hata kama alikata jana.

Tulipokuja Bascombe, Royce akiwa mkuu wa viungo mwenyewe, kitu cha kwanza alichofanya ni kununua mbao za msonobari na kuunda benchi. Aliliweka ukingoni mwa uwanja wa mazoezi, chini ya kivuli, na pipa la maji ya barafu kando yake. Sheria ilikuwa moja: ukiona mwili unakukatalia, inua mkono, nenda kakae, na atakayekucheka atakimbia badala yako. Hakuna aliyelitumia vibaya. Vijana ni wajinga kwa mengi, lakini wanajua wakiheshimiwa.

Brock alilitoa siku ya kwanza.

Wade ndiye aliyelileta nyumbani, nyuma ya pikapu, miguu ikiangalia juu kama ng'ombe aliyekufa.

"Kocha Brock kasema tulitupe," alisema akilishusha. "Nikaona bora nilete."

"Umefanya vizuri," Royce akasema. Akalipigapiga kwa kiganja. "Kasema nini tena?"

"Kasema viti ni vya watazamaji."

Wade akacheka kidogo. Royce naye akacheka. Mimi sikucheka, nikawauliza kama wanakula au wanangoja wahudumiwe na malaika.

Majira ya baridi yakapita hivyo. Wade akawa anaondoka gizani na kurudi hawezi kuinua kijiko. Mwili ulikuwa unajaa, sikatai. Mabega yalikuwa hayapiti tena kwenye shati la kanisani. Akafuga ndevu, zile zile. Mezani akawa mgeni. Nilimwekea mkate wa mahindi aliokula tangu hana meno, akausukuma kando kwa kidole kimoja.

"Kocha Brock anasema huu ni takataka, mama."

"Kamwambie Kocha Brock takataka ndiyo iliyokulea."

"Nadine," Royce akasema taratibu.

"Usiniite Nadine. Niache niseme kwangu, kabla hakujawa kwa watu."

Kipya kinyemi ingawa kidonda. Niliyasema haya kimoyomoyo nikila ule mkate wote peke yangu.

Halafu akaja mke wa Brock, Kirsten, kuitazama nyumba. Kwetu ni kawaida: familia inayoingia hununua ya familia inayotoka, maana ipo karibu na uwanja, ina vyumba vya kutosha, na mwenye nyumba ana haraka. Mimi mwenyewe niliinunua hivyo hivyo kwa mwanamke ambaye hakunitazama usoni. Kirsten alikuwa dada mzuri, kwa bahati mbaya. Ningependa angekuwa na pua juu nipate kumchukia kwa raha. Alisifu mapazia, akasifu jiko, akamimina chai yangu baridi yenye sukari kwenye sinki akidhani sioni.

Kwenye baraza akakaa juu ya benchi.

"Dada Nadine, hili linabaki?"

"Linaondoka."

"Ai, hasara! Brock angelipenda. Angekuwa anakaa hapa kuvua viatu."

"Nilidhani kwenu hakuna kukaa," nikamwambia.

Akacheka sana, akanishika mkono. Alidhani ni utani.

Ilipokaribia mwisho wa mazoezi ya machipuko, Wade akaja na habari: Brock kamchagua awe miongoni mwa watakaozungumza na waandishi wa habari siku ya Jumamosi, baada ya mchezo wa mazoezi. Alisema akiwa anaangalia viatu vyake. Sote watatu tulijua maana yake. Kila mwaka, kila chuo, kocha mpya wa viungo akishaingia, waandishi huuliza swali lile lile, na wachezaji hujibu jibu lile lile: tofauti ni mbingu na ardhi, zamani hatukuwa na nidhamu, sasa tunafanya kazi kweli. Royce naye alisifiwa hivyo hivyo alipoingia, na aliyetangulia akadharauliwa hivyo hivyo. Wanaimba tu wimbo wa harusi. Bwana harusi ndiye anayebadilika. Ila safari hii walitaka wimbo uimbwe na mtoto wa mwenye msiba.

"Ni makusudi," nikasema. "Wanataka kuona kama utamtukana baba yako."

"Mama, ni maswali tu."

"Mbona akuchague wewe? Wachezaji wote wale, wenye majina, wanaoanza mechi, waachwe uulizwe wewe?"

Royce akainua mkono. Alikuwa anafunga kikombe kwenye gazeti, akakifunga mpaka mwisho kabla hajasema.

"Sikiliza, Wade. Watakuuliza habari zangu. Sema kama wanavyosema wote. Mbingu na ardhi. Nidhamu. Kazi kweli. Umesikia?"

"Baba, siwezi kusema—"

"Utasema. Ukitaka cha uvunguni sharti uiname. Ni maneno, hayatoi damu. Mimi nayajua, nimeshasemewa pande zote mbili."

"Na wewe hutakasirika?"

"Nikikasirika nitakata majani."

Wade akamkumbatia. Niliwatazama wawili hao, migongo mipana kama milango, nikasema moyoni kwamba sawa, kama mwenye kidonda kakubali kiguswe, mimi ni nani. Niliamini kabisa kwamba mtoto ataimba ule wimbo kwa midomo tu.

Jumamosi tukawasha televisheni. Sebule ilikuwa imebaki na sofa moja na maboksi. Wade akatokea, jasho linamtiririka, fulana ile imemgandia kifuani. Mwandishi mwenye miwani akamuuliza, kwa sauti ya mtu anayekanyaga yai, kwamba yeye kama mtoto wa kocha aliyepita anaonaje mabadiliko.

"Mbingu na ardhi," Wade akasema. "Sasa tuna nidhamu. Tunafanya kazi kweli."

"Safi," Royce akasema, akiegemea. "Inatosha. Ondoka sasa, mwanangu."

Hakuondoka. Brock alikuwa nyuma yake, mikono kifuani, nusu ya uso inaonekana. Mwandishi akauliza, mfano nini hasa? Na Wade akatabasamu. Ninalijua tabasamu hilo, ni la mtoto anayeona watu wanamsikiliza.

"Yaani zamani tulikuwa na benchi," akasema. "Ukichoka tu, unainua mkono, unaenda kukaa kivulini, unapewa maji kama mtoto wa chekechea. Ndiyo maana ikifika robo ya mwisho ya mchezo tulikuwa tunakufa."

Waandishi wakacheka. Brock akampiga bega.

Nilimzaa mwenyewe, najua akisema uongo anakunja sikio la kulia kwa vidole. Mikono yake ilikuwa kiunoni. Hakuwa anadanganya. Alikuwa anaamini kila neno, na ndilo lililoniingia kama mwiba wa samaki. Lamarcus anamjua. Amelelewa na jina hilo, ameonyeshwa picha, ameshawahi kumsalimia mama yake kwenye simu. Tungemlaani Brock, lakini Brock alikuwa amesema tu viti ni vya watazamaji. Mengine kayatunga mwanangu.

Royce alizima televisheni. Alikaa na kile kidude cha kuzimia mkononi, akikigeuza.

"La benchi sikumwambia," akasema.

"Najua."

"Nilimwambia yale mengine. Hili sikumwambia."

Nilitaka aende kukata majani. Hakwenda.

Wiki iliyofuata gari la kuhama lilikuwa limeshapakiwa. Kulibaki benchi tu, nasi tulikuwa tumelikalia barazani tukisubiri Kirsten aje kuchukua funguo. Simu ikalia. Ilikuwa Wade, na nyuma yake kelele kama za timu nzima iliyoshinda kombe. Nikaweka spika ili sote tusikie.

"Nimepata! Mama, nimepata! Kocha mkuu katangaza mbele ya wote! Kocha Brock ndiye aliyenipendekeza! Nimerukiwa mpaka nimeanguka!"

Nililia. Sitajifanya sikulia. Ndicho tulichokuwa tunakiomba tangu Novemba, na Mungu alikuwa ametupa, kwa njia yake. Nikasema hongera mwanangu, hongera baba yangu, kama mama yeyote. Kisha nikampa Royce.

"Hongera, Wade," akasema. "Umeufanyia kazi."

"Asante, baba. Na ile ya kwenye televisheni... hukuchukia, sivyo? Si ulisema mwenyewe."

Royce aliangalia mbao tulizokalia. Alikuwa na kucha kwenye ufa mdogo, akiufuata.

"Nilisema mwenyewe," akajibu. "Sikiliza. Agosti inakuja. Mwili ukikukatalia, usimwangalie mtu usoni. Acha. Kaa chini. Kunywa maji."

Wade akacheka, kile kicheko cha furaha, cha kijana ambaye leo hakuna kinachoweza kumpata.

"Baba bwana! Siku hizi tunakunywa tukishamaliza."