Kipuli Nyuma ya Kisigino

Kanisa lilikuwa limesimama tena, na saa zake mbili zimerudi mnarani: moja ya kweli, nyingine ya kuchorwa tu, ili shetani asijue misa ni saa ngapi. Ċensa Zerafa alisema hiyo ya kuchorwa ni kazi bure. Shetani anakaa parokia ya ng'ambo ya bandari, alisema, na saa ya misa anaijua vizuri.

Alikuwa na sababu zake. Vita vilipopamba moto, sanamu ya Bikira Maria ilivushwa kwa mashua ikafichwe huko ng'ambo, kwa mahasimu wao wa sikukuu, watu walioshindana nao tangu enzi za mababu kwa fataki na matarumbeta. Haukupita muda, bomu likaliangukia kanisa na paa lote likashuka. Miaka ikapita, mawe yakapangwa upya, sanamu ikarudishwa. Ċensa alipoiona tu, roho ikamwambia siyo yenyewe. Mashavu yalikuwa mekundu mno. Wale watu wamebaki na Mama yetu, alisema, wakatuletea wa bandia.

Balaa ni kwamba binti yake, Nina, alikuwa ameposwa na Indrì, kijana wa huko huko ng'ambo, na yao ingekuwa harusi ya kwanza katika kanisa lililofufuka. Roża, mama yake Indrì, ndiye aliyeitunza sanamu miaka yote ile. Ċensa alimwambia bintiye wazi: kama wametuibia Bikira, na wewe hawakupati. Nina alilia mpaka macho yakavimba. Mama mtu hakulegea.

Njia ya kuujua ukweli alikuwa nayo peke yake. Hakuwahi kumwambia hata marehemu mumewe. Kabla ya vita, mtoto wake wa kwanza alikufa kwa homa kabla hajatimiza mwaka. Ċensa alichukua kipuli kimoja cha mtoto huyo, akakichomeka katika ufa nyuma ya kisigino cha Bikira, akaziba kwa nta ya mshumaa. Ufa ukiwepo, sanamu ni yenyewe.

Siku ya kuisafisha sanamu kwa ajili ya sikukuu, wanawake walimwalika na Roża, kwa adabu tu. Wenzao walipokwenda kuchota maji, Ċensa alizunguka nyuma na kitambaa chake, akapapasa. Kisigino kilikuwa laini kama yai. Hakuna ufa, hakuna nta. Hasira ikampanda, na chini ya hasira kulikuwa na kilio.

"Roża," alisema bila kugeuka, "wa kwetu mlimpeleka wapi?"

"Ndiye huyo, mwenzangu. Unatafuta nini hapo kisiginoni?"

"Wewe unajuaje kama natafuta?"

Roża alivuta uzi uliokuwa shingoni, ndani ya gauni. Palining'inia msalaba mdogo, na kando yake kipuli cha dhahabu, kidogo kuliko punje ya dengu.

"Wadudu walikuwa wanaula mguu," alisema. "Fundi wetu akauziba, na kabla ya kuziba akakikuta hiki. Niliogopa kuuliza. Nyinyi mngesema vilikuwa viwili, tumerudisha kimoja."

Ċensa alijua kabisa kwamba ndivyo ambavyo angesema.

"Lakini niliona ni cha kitoto kichanga," Roża aliendelea. "Kila Jumamosi nimemwashia mshumaa. Jina sikulijua. Nikawa nasema tu, yule mtoto wa ng'ambo."

Ċensa alikaa kwenye ngazi ya altare, kitambaa kingali mkononi. Miaka yote hiyo alidhani duniani amebaki yeye tu anayemkumbuka.

"Ġulja," alisema. "Anaitwa Ġulja."

Roża alilirudia jina taratibu, kisha akaanza kuufungua uzi. Ċensa akamshika mkono.

"Kiache hapo hapo. Siku ya harusi utakaa na mimi benchi la mbele, uje nacho."

Akajifuta machozi kwa kitambaa cha vumbi, akaitazama sanamu tena, akasema hata hivyo mashavu wameyaharibu.