Mkwe Mlangoni

"Ba," alisema Mwalimu Agustina, na fimbo yake ikagusa ubao.

"Baaa!" wakaitikia watoto sabini na wawili kwa pamoja, na vumbi likatikisika kwenye nyasi za paa.

"Be."

"Beee!"

Kabla hajafika kwenye bi, alihisi uvuguvugu ukimshuka mkononi. Simoni, mwanawe wa miezi minane, alikuwa ananyonya huku ameegemezwa kwenye mkono wa kushoto, na sasa alikuwa ameamua kujisaidia. Kinyesi kilipita kwenye nguo, kikapita kwenye kanga, kikaanza safari ya kwenda kwenye kiwiko. Mwalimu hakuacha kufundisha. Aligusa ubao kwa mkono wa kulia na kusema bi, na darasa likaitikia bi, na harufu ikapanda.

Chini ya meza Robi, bintiye wa miaka minne, alikuwa amekaa kimya mno.

"Robi, unakula nini?"

"Chaki."

"Iteme."

"Imekwisha, mama."

Padri alimruhusu kuja na watoto darasani kwa sharti moja tu, wasisikike. Kana kwamba mtoto ni saa ya mkononi, unaacha kumtia ufunguo naye ananyamaza. Agustina alikubali sharti hilo kwa sababu hakuwa na jingine. Mumewe, Athanas, alikuwa machimboni ng'ambo ya mto Mara, mwaka wa tatu sasa, na alikuja nyumbani mara moja kwa mwaka, akaacha mimba na shati la kushona vifungo.

Mezani, chini ya daftari la mahudhurio, palikuwa na karatasi za somo la ishirini na nne. Miaka miwili alikuwa akisoma kwa njia ya posta. Basi lilileta bahasha, naye alisoma akisonga ugali, akinyonyesha, akikamua ng'ombe, majibu akayaandika juu ya gunia la mtama kwa sababu meza ya nyumbani haikuwapo. Somo la ishirini na nne lilihusu malezi. Lilisema kwamba mtoto mdogo anahitaji mama mwenye utulivu na nafasi, anayecheza naye kila siku katika chumba chenye mwanga. Agustina aliisoma sentensi hiyo, akautazama mkono wake uliokuwa ukichuruzika, na akatamani kuutapikia ukurasa ule. Aliyeandika hayo hajawahi kufua nepi mtoni, alijisemea. Hata mtoto labda hajawahi kumwona.

Lakini aliyakariri, neno kwa neno. Kesho ulikuwa mtihani kule Nkende. Akishinda angekwenda chuoni mwaka mmoja, Simoni mgongoni na Robi akimshika mkono, kisha angerudi akiwa mwalimu wa daraja la kwanza na kufundisha shule ya kati, ambako watoto huja wakiwa wamekwisha kujua kupenga kamasi. Akishindwa au akikosa, mtihani mwingine ungekuja baada ya miaka mitatu. Na kila mtu pale kijijini, hata mbuzi, alijua kwamba baada ya miaka mitatu mwanamke anakuwa na watoto wengine wawili, na habari ya kitabu inakuwa imekwisha.

Jioni hiyo, ng'ombe wakiingia zizini, baba mkwe wake alikohoa nyuma ya ukuta wa jiko.

Mzee Selestine Magige hakuwahi kuingia jikoni kwa mkaza mwanawe, wala Agustina hakuwahi kumtazama usoni, miaka sita tangu aolewe. Hiyo ndiyo ensoni, heshima ya Wakurya kati ya mkwe na mkwe. Wakikutana njiani, mwanamke huingia majanini na kugeuka. Jina la mzee halitamki, wala hapiti mlango ambao mzee yupo. Agustina alimfahamu mkwewe kwa kikohozi, kwa harufu ya ugoro, na kwa kofia yake kanisani, kwani mzee hukaa mstari wa mbele. Wakiwa na la kusema, humtuma mtu. Asipokuwapo mtu, husema na mtoto, au na ndama, na anayehusika husikia.

"Robi, mjukuu wangu," ilisema sauti ya nyuma ya ukuta, "baba yako ameleta barua. Mpe mama yako anisomee."

Mkono ulipenyeza barua dirishani. Hapo ensoni ilikuwa imelegea kidogo, kama inavyolegea kila anapokuwa na barua. Agustina aliifungua na kusoma kwa sauti ile ile ya darasani. Athanas alisalimu boma zima, aliuliza hali ya fahali mwekundu, alilalamika kifua. Kisha Agustina akauona mstari wa mwisho kabla hajaufikia kwa mdomo. Angeweza kuuruka. Nani angejua? Lakini miaka yote alikuwa amewachapa watoto kwa kuruka mistari, na mdomo wake ulikwisha kuzoea kusoma kilichoandikwa.

"'Habari ya mtihani wa Agustina,'" alisoma, "'amua wewe, baba. Utakavyosema, ndivyo itakavyokuwa.'"

Akaikunja barua. Alimchukia Athanas kwa mstari ule, na akajichukia zaidi kwa kuusoma.

"Robi," ilisema sauti, "mwambie mama yako kesho tunapalilia mtama."

"Mwambie babu kesho nina mtihani, na niliomba ruhusa tangu mwezi wa pili."

Robi alitazama ukuta, akamtazama mama yake, akaendelea kumvuta paka mkia.

"Robi, mimi nilitoa ng'ombe ishirini na nane. Hakuna hata mmoja aliyekwenda shule. Na sasa walete nini, karatasi?" Mzee alivuta ugoro, akapiga chafya mbili. "Lakini basi. Na aende. Asije akasema mtu nimemzuia."

Nyayo zikaondoka. Agustina alishusha pumzi na kuanza kuchochea moto. Mama mkwe wake, Gati, aliyekuwa akichambua mboga pembeni, alitema mate majivuni.

"Nimekaa naye miaka arobaini," alisema. "Ukiona amekubali upesi, tazama unapokanyaga."

Walitoka alfajiri, Gati akiwa na Simoni mgongoni, Robi wakamwacha kwa jirani. Ulikuwa mwendo wa saa mbili, na njiani Agustina alirudia masomo kimoyomoyo, kujumlisha kwa vijiti, kutoa kwa vijiti, namna ya kumfundisha mtoto mwenye haya. Jua lilipowapata walikuwa tayari Nkende, mbele ya jengo la darasa walilopangiwa. Lilikuwa na mlango mmoja na madirisha manne ya mbao.

Mlangoni palikuwa na mtu amekaa.

Agustina aliiona kofia kwanza. Kisha kigoda, kile cha miguu mitatu, cha nyumbani. Mzee Magige alikuwa amekiweka juu ya kizingiti, mgongo kwenye mwimo mmoja, miguu imenyooshwa hadi mwimo wa pili, blanketi limemfunika magoti, na uso ameuelekeza barabarani kwa utulivu wa mtu anayesubiri basi. Alikuwa ametoka jogoo la kwanza ili awahi.

Agustina aligeuka upesi na kujibanza nyuma ya ukuta, kama alivyofunzwa. Kutoka hapo alisikia watahiniwa wengine wakifika. Walikuwa kumi na mmoja, wote wanaume.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Pita, pita." Na miguu ikakunjwa, na ikanyooshwa tena.

Nyangwine alipita wa mwisho. Huyu alikuwa mwalimu wa kijiji cha pili, na kwa miaka miwili alikuja kila Jumapili kunakili majibu ya Agustina, akinywa uji wake. Alimwona pale ukutani, akamwona mzee, akaelewa yote kwa mara moja kwa sababu ni Mkurya. Akainamisha kichwa, akaingia.

Msimamizi wa mtihani alikuwa kijana wa Kihaya mwenye soksi ndefu. Alitoka na orodha.

"Mama, wewe ndiwe Agustina? Ingia, zimebaki dakika kumi."

"Siwezi kupita pale."

"Kwa nini?"

"Yule mlangoni ni mkwe wangu."

"Vizuri! Amekusindikiza."

Agustina alimweleza, kwa kifupi, huku akiona aibu kueleza kama anavyoona aibu mtu anayeonyesha kidonda. Kijana alikuna sikio, akaenda mlangoni kwa adabu.

"Mzee, samahani, ungesogea kidogo apite huyu mama."

"Mimi?" Sauti ya mzee ilikuwa tamu kama ya mtu kanisani. "Mimi nimezuia mtu, mwanangu? Nimepumzisha miguu. Wamepita kumi na mmoja, hesabu. Hata yeye apite. Njia hiyo hapo."

Na ilikuwa kweli. Angeweza kupita, apenye katikati ya magoti ya mkwewe mbele ya watu, kisha jioni wazee wakae, wadai mbuzi wa kutakasa, na mzee aulize kwa huzuni kama mwanamke asiye na ensoni anafaa kulea wajukuu wa boma lake. Watoto ni wa aliyetoa ng'ombe, kila mtu anajua. Au asipite, arudi akapalilie mtama. Kwa vyovyote vile mzee hakumzuia mtu.

"Siwezi kumwondoa mzee kwa nguvu, mama," alisema kijana, akatazama saa. "Dakika sita."

Agustina alitegemea kulia. Alishangaa kuona machozi hayaji. Kilichokuja ni kichefuchefu, kile cha mtu aliyekwisha kumeza nyama ndipo akaona funza kwenye bakuli. Miaka sita aliingia majanini. Alichomwa na miiba, alikanyaga mavi, mwaka jana alitumbukia mtaroni na mimba ya Simoni, yote kwa ajili ya heshima. Na heshima yenyewe ndiyo ile pale, imewekwa mlangoni kama mtego wa panya, na mwenyewe anavuta ugoro juu yake. Kinyaa kilimjaa. Kilimjaa kwa mzee, kwa Athanas na barua yake, kwa wanaume kumi na mmoja waliokuwa wakichonga penseli zilizokwisha kuchongwa.

Gati alikuwa akimbembeleza Simoni, macho juu ya mti.

"Dirisha halina mwenyewe," alisema, kana kwamba anasema na mtoto. Akasukuma kwa mguu debe bovu lililokuwa pale, likabingirika hadi ukutani.

Agustina aliligeuza debe, akapanda. Aliweka kalamu kati ya meno, kidau cha wino akakifunga kwenye ncha ya kanga, akapandisha gauni hadi magotini, yeye, mwalimu, aliyetandika watoto wangapi kwa kosa hilo hilo. Ubao wa dirisha ulimkwaruza mguu. Pindo lilichanika, na lilichanika kwa sauti. Akaanguka ndani, juu ya benchi, na mtu akacheka kisha akajifanya anakohoa.

Kijana wa Kihaya alimwekea karatasi mbele yake.

Swali la kwanza lilikuwa jepesi. La pili alilijua. Kalamu ilikuwa inakimbia, na kwa muda mfupi hakuwa mama wa mtu wala mkaza mwana wa mtu. Kisha nje Simoni akaanza kulia, kilio kile cha njaa, na maziwa yakaja yenyewe, yakalowesha kifua cha gauni. Agustina alibana mikono kifuani na kuendelea kuandika.

Ndipo kalamu za wengine ziliponyamaza.

Hakuambiwa na mtu. Aliona Nyangwine ameinua kichwa, akaona anatazama mlangoni, akaona anainamisha kichwa tena upesi. Harufu ya ugoro ilikuwa imeingia ndani. Mzee Magige alikuwa amekigeuza kigoda. Sasa alilitazama darasa, wazi, bila haya, macho juu ya mgongo wa mke wa mwanawe, akisubiri afanye linalompasa mwanamke mwenye adabu, ajifunike kichwa na kukimbia.

Kwa hiyo imekuwa hivyo, alifikiri Agustina. Mzee mwenyewe ameivunja ensoni.

Aliweka kalamu chini, akageuka, akamtazama.

Alitegemea kuona uso mkubwa. Ulikuwa mdogo. Nyusi ya kushoto ilikuwa juu kuliko ya kulia, kidevu kina kishimo, na mdomo wa chini umejitokeza kwa deko la mtu aliyekatazwa kitu. Ulikuwa uso wa Simoni hasa, anapotaka ziwa na hapewi. Miaka sita alikuwa amekimbilia vichakani akiukwepa, kisha akauzaa na kuubeba mgongoni na kuufuta kamasi kwa vidole vyake. Kinyaa hakikumwacha, lakini hakujua tena akiweke wapi.

Macho ya mzee ndiyo yaliyoinama kwanza. Mkono wake ulitafuta kopo la ugoro chini ya blanketi, ukalikosa, ukatafuta tena. Agustina aliendelea kumtazama kidogo zaidi ya ilivyohitajika.

Kisha akairudia karatasi. Tone la maziwa lilikuwa limeangukia swali la tatu. Alilifuta kwa kiganja, wino ukasambaa kidogo, akaandika pembeni yake kwa mwandiko wake wa ubaoni, herufi zikiwa zimenyooka. Nje, kilio kilikuwa kinashuka. Nyuma yake kigoda kilikwaruza sakafu, mara moja, taratibu, na kwa mlio ule hakuweza kujua kama kinageuzwa au kinaondoka.