Aliyeagwa kwa Imani

Ufunguo ulipozunguka kwenye kitasa, nilikuwa nimeketi sakafuni nikinywa chai, kwa kuwa viti nilishavigawa. Nilikimbilia bafuni, nikajifungia, nikabana pumzi. Kwa watu wote wa kanisa letu, hii ilikuwa wiki yangu ya pili Valencia, Uhispania, nikiwafundisha watoto wa huko Kiingereza. Ukweli ni kwamba sikuwa nimevuka hata Mto Humber, ulio humu mjini mwetu Kanada.

Kanisani kwetu mambo hupokewa kwa imani. Viza haingojwi, hushukuriwa kabla haijatoka, na anayengoja huonekana ana shaka. Hivyo ile shule iliponihoji kwenye kompyuta na kunipenda, akina mama wakapanga siku ya kuniaga. Niliacha kazi yangu ya kuwafundisha wageni, nikagawa kitanda, sufuria, mpaka mapazia. Ijumaa, shule ikaandika: nafasi zao ni za raia wa Kanada, na mimi nina kadi ya ukaazi tu na pasipoti ya Kenya. Miaka yote hii tumeitana Wakanada mtu akipata ile kadi, na mimi mjinga nikaamini. Jumamosi ukumbi ulikuwa umepambwa. Waliniwekea mikono kichwani, wakaomba hadi wakatokwa na jasho, nami nikasema amina.

Hapo ndipo niliponasa. Mtu aliyekwisha kuagwa arudi vipi? Niliwaandikia kwamba nimefika salama, kisha nikawa mfungwa wa fleti yangu mwenyewe, nikitazama treni za uwanja wa ndege zikipita chini ya dirisha. Mkate nilinunua mbali, kofia imenishuka hadi machoni. Nilijua akina mama wangekuja kunisafishia fleti kabla mwenye nyumba hajaichukua, lakini nilihesabu bado siku nne. Ufunguo alikuwa nao Mama Nyakundi, mwenyekiti wao.

Nilisikia ndoo zikiwekwa chini.

"Gakii wetu!" Ilikuwa sauti ya Asumpta, Mtanzania mpole wa kwaya. "Mungu ni mwema jamani. Kama yeye amepata, na mume wangu Urbanus atapata viza yake. Nimemwambia leo leo, kabla ofisi haijafungwa kule Dodoma, apeleke barua ya kuacha kazi. Tusionekane tuna shaka."

Barua kama hiyo niliiandika mimi.

Nilisikia kifuniko cha birika kikigonga. "Asumpta, shuka kwa gari uniletee ile sabuni ya jiko," alisema Mama Nyakundi. Nyayo zake nzito zikaja hadi mlangoni pangu.

"Gakii," alinong'ona. "Najua uko ndani. Birika bado ni ya moto."

Nilishika komeo la mlango.

"Sikuulizi kitu, mama. Nitaenda nimcheleweshe huko chini, wewe pitia ngazi. Utakaa kwangu hadi tujue la kusema. Kanisa lisiaibike, na wewe usiaibike."

Alisema kwa upendo wa kweli, na ndiyo maana nilitaka kulia. Ningetoka gereza hili niingie lake, lenye chakula kizuri zaidi. Nilingoja hadi hatua zake zikapotea kwenye korido, nikafungua mlango.

Asumpta hakuwa ameshuka. Alikuwa amepiga magoti mbele ya jiko, brashi mkononi, sabuni ameshaipata chini ya sinki. Uso wake uling'aa.

"Dada Gakii! Umerudi lini?"

Ngazi zilikuwa hatua chache tu. Ningeweza kusema nimefuata cheti nilichosahau, kwamba kesho naondoka tena. Ulimi wangu ulishazoea.

"Sikwenda, Asumpta. Walinikataa siku moja kabla hamjaniombea. Nilijua, na bado nikasema amina."

Brashi ilisimama. Alinitazama kana kwamba alikuwa akingoja niseme natania. Nilijiandaa kwa matusi, hata kwa kofi. Nilistahili.

"Sasa hivi Dodoma ni saa ngapi?" aliuliza.

Nilihesabu kwa vidole. "Saa tisa na nusu."

Alijifuta povu kwenye sketi, akaanza kupekua mkoba wake kutafuta simu. Mama Nyakundi alikuwa amerudi, amesimama mlangoni, haingii wala hatoki. Asumpta alibonyeza namba ya Urbanus, akaiweka simu sikioni, na sote watatu tukaisikia ikiita.