Tone la Kwanza la Nyongo

Ini la mbuzi lilitoka kwenye barafu likiwa limepauka, gumu kama sabuni ya mche. Kanze alilipokea kwa mikono miwili, akalilaza ndani ya bakuli la kioo, kisha akasogea kando ili Daktari Kivuva aunganishe mipira ya kupitishia damu.

Lilikuwa la kumi. Tangu uanze mwaka wa pili wa Uhuru, katika maabara ndogo ya mifugo pale Msambweni, daktari huyo kutoka Machakos alikuwa akitafuta jambo moja: ini lililohifadhiwa barafuni liamke, litumie hewa na sukari, litengeneze tena nguvu zake. Likiweza la mbuzi, huenda siku moja la mtu likasafirishwa hadi kwa mgonjwa. Lakini yote tisa yalivimba na kuwa meusi mara tu damu yenye joto ilipoingia. Barua kutoka Nairobi ilikuwa imeshasema: hili likishindikana, maabara ifungwe.

Kanze aliajiriwa kuosha chupa. Kila asubuhi alipomwaga barafu, vidole vilimfa ganzi. Na akivitia kwenye maji ya moto, viliwaka hata machozi yakamlengalenga. Mwezi mzima alikuwa na neno kooni, akilimeza. Mwosha chupa amfundishe daktari?

"Daktari, uniwie radhi," alisema. "Baridi ikishaingia mwilini, moto wa ghafla huumiza. Je, tukilipasha polepole?"

Kivuva alishusha mpira. Alimgeukia bila hasira. "Polepole namna gani, Bi Kanze?"

"Tuanze na maji baridi yenye hewa na sukari. Kisha tupandishe joto kidogo kidogo, kama nivifanyiavyo vidole vyangu."

Walikaa saa mbili, maji yale yakipita ndani ya ini kwa mipira, Kanze akiongeza maji ya moto kikombe kwa kikombe kwenye beseni lililobeba bakuli, daktari akisoma kipimajoto. Ini likalainika. Wekundu ukarudi kutokea pembeni. Kisha kwenye ncha ya mrija mwembamba likaning'inia tone la nyongo, la kijani kibichi, likadondoka.

"Linafanya kazi," Kivuva alinong'ona, akamsogezea daftari. "Andika wewe. Na jina lako."

Jioni, nyumbani Munje, mama yake aliuliza ini hilo walilipika na nini.

"Hatukulipika, mama. Tuliliacha lifanye kazi."

Mama alicheka hadi leso ikamteleza. Kisha akaweka kiganja chini ya mbavu zake za kulia, lilipo ini lake mwenyewe, akatulia kama anayemsikiliza mtu wa chumba cha pili.