Kati ya Kumi na Tatu na Kumi na Nne

Mkunga alikuwa na mawe manne tu ya mizani, na manne yalimtosha. Dogo kabisa lilikuwa la gramu mia, la pili mia tatu, la tatu mia tisa, na kubwa gramu elfu mbili na mia saba. Kila moja mara tatu ya lililolitangulia. Shangazi yake, aliyemwachia kliniki ile, ndiye aliyemfundisha kuyapanga. Jiwe hukaa sahani ya pili, au hukaa pamoja na mtoto, au hupumzika mezani. Hivyo hupimwa kila mtoto hadi kilo nne, kwa kuhesabu mia-mia, na kila uzito una mpango wake mmoja tu.

"Ukiona mipango miwili," shangazi alizoea kusema, "usiyalaumu mawe."

Asubuhi hiyo fundi cherehani alimleta bintiye wa siku tatu, aliyezaliwa kabla ya wakati. Pacha wake alikata roho njiani siku ileile ya kuzaliwa, wakikimbizwa kliniki. Sheria ilikuwa moja: mtoto wa gramu mia kumi na nne au zaidi hubaki; akipungua, hupelekwa hospitali kubwa, mwendo wa saa tatu.

"Barabara imeshanilia mmoja, mama," alisema fundi. "Wa pili siipi."

"Tupime kwanza, mwanangu."

Kumi na tatu na kumi na nne ni majirani, lakini kati yao kila jiwe huhama. Kwa kumi na tatu, madogo matatu hukaa ng'ambo na kubwa hupumzika. Kwa kumi na nne, kubwa huenda ng'ambo peke yake, na madogo hulala na mtoto.

Mkunga alipanga kumi na nne. Sahani zikalingana.

"Si nilikwambia?" fundi akacheka huku machozi yakimtoka. "Huyu ana mifupa ya bibi yake. Yule alivunja vitanda viwili!"

Lakini mkunga hakuwa mtu wa kupima mara moja. Akapanga kumi na tatu. Sahani zikalingana.

Akafunga dirisha, akafuta sahani, akarudia yote. Kumi na nne, sawa. Kumi na tatu, sawa.

"Andika kumi na nne," fundi akanong'ona. "Mizani imekubali yenyewe."

Mkunga akamrudishia mtoto, akaondoa mawe yote. Sahani ya mtoto haikupanda. Akaweka lile jiwe dogo kabisa upande wa pili, zikalingana. Juu ya kitambaa kitupu kwenye sahani ya mtoto palikuwa na kishimo, kidogo kama kisigino.

Wakakitazama wote wawili.

"Hata tumboni pacha wake alikuwa hivyo," fundi alisema mwishowe. "Hamwachi dadake. Anamwegemea, anaondoka, anarudi."

"Basi huyu ni kumi na tatu, mwanangu. Hiyo mia moja si yake. Nikiandika kumi na nne, atabaki hapa, na baridi itamchukua naye."

Fundi akaitikia kwa kichwa. Mkunga akaandika kumi na tatu, akaita gari.

Honi ilipolia, fundi alimkabidhi mkunga mtoto, akainamia mizani. Akapitisha viganja chini ya kile kishimo, taratibu, kama anayemwinua aliyelala.

"Twende," alisema. "Leo nitawashika nyote."

Mkunga akatangulia mlangoni. Nyuma yake alisikia sahani ya jiwe ikishuka na kugonga meza.