Simu ya Saa Sita

Kila Safia alipopanda mtumbwi kwenda kufundisha Alunguli, ng'ambo ya mto Lualaba, mama yake Mwavita hakutulia. Alimpigia simu akishashuka, akampigia kabla ya kengele, akampigia tena wakati wa mapumziko. Asipojibiwa, cherehani yake ilisimama.

Jumatatu moja simu ya Safia haikupatikana kabisa. Mwavita aliacha gauni la mteja chini ya sindano, akakimbilia mtoni pekupeku, akavuka, akaingia darasani mbele ya watoto sitini.

"Mama, kuko nini?" Safia aliuliza, chaki mkononi.

"Simu yako..."

"Batri iliisha tu!"

Watoto wakacheka. Safia alimtoa nje, machozi yakimlenga. "Mama, siwezi kuishi hivi. Utaniua na woga yako."

Wakati wa kurudi Mwavita alianguka ufukweni, watu wakampeleka zahanati. Muuguzi, mama mmoja aitwaye Odette, alimpima shinikizo la damu. "Tansio iko juu sana. Tangu lini haulale vizuri?"

Mwavita alitaka kusema tangu juzi. "Tangu vita," akasema.

Mwaka 2002 wapiganaji walifunga njia za mashambani, mji ukakosa chakula. Mumewe Zuberi aliogopa kutoka. Lakini Safia, angali wa kunyonya, alilia kutwa, na maziwa yalikuwa yamemkauka mama yake. "Nenda basi, ulete hata mihogo miwili," Mwavita alimwambia mumewe. Akaenda. Kabla ya adhuhuri bunduki zililia upande wa shamba. Zuberi hakurudi, wala mwili haukuonekana.

"Ni mimi ndiyo nilimutuma," Mwavita alisema. Hakuwahi kumwambia mtu maneno hayo. Akaeleza pia, akilia, jinsi anavyompigia Safia simu kutwa.

Odette hakumwambia anyamaze. Alingoja mpaka kilio kikapungua. "Dawa nitakupa, lakini dawa peke yake haitoshi. Punguza chumvi. Tembea kila asubuhi. Na simu ni moja tu, saa sita. Woga ikikuja mbele ya saa, pumua pole pole, endelea kushona. Itapita."

"Na isipopita?"

"Kuja hapa, tutakaa pamoja."

Siku ya kwanza ilikuwa mateso. Kufikia saa nne alikuwa amefumua pindo moja mara tatu. Alishika simu, akaiweka, akazunguka nyumba, akapumua. Saa tano akashindwa, akapiga. Kesho yake alifika saa tano na nusu. Wiki ya tatu ndipo alipofikisha saa sita.

Jioni hiyo alimweleza Safia yote, akiogopa mtoto atamchukia. Safia alisogeza kando sahani ya sombe, mboga ya majani ya mihogo.

"Papa alikuwa anapenda nini?" akauliza juu ya baba asiyemkumbuka.

Mwavita hakutegemea swali hilo. "Kahawa," alisema. "Sukari vijiko tano. Nilikuwa namugombeza kila siku."

Safia akasogeza kiti chake karibu. "Endelea, mama."